Kidude Kilichojaa Nyimbo za Watu

Mama Mdogo Veneranda tulimzika Jumanne, na Jumatano mchana nilikuwa nimekaa sebuleni kwake, Katandala, Sumbawanga, namenya viazi na Leokadia. Hatukuwa tumekaa chumba kimoja, mimi na yeye, kwa zaidi ya miaka kumi. Alikuwa amekuja kwa basi kutoka Mbeya anakofundisha, fimbo yake nyeupe ameikunja mkobani, na alipoingia uani kila mtu alinyamaza kama wanavyonyamaza watu wanapomwona asiyeona, kana kwamba kelele zitamwangusha. Yeye akauliza kwa sauti, "Jamani, nimekosea msiba?" Wakacheka, wakarudi kulia. Sasa anamenya viazi haraka kuliko mimi, na maganda yake ni membamba kuliko yangu. Marehemu alikuwa mama mdogo wake, si wangu, lakini kuna mwaka mmoja nilikula katika nyumba ile siku nyingi kuliko nilivyokula kwetu. Mwaka huo hatujawahi kuuzungumza, na nikiri mapema kwamba kila ninapoukumbuka, hadi leo, huwa nakasirika. Zamani nilikuwa nakasirikia mashine. Nilichukua muda mrefu kujua ni nani hasa wa kukasirikiwa.

Tulikuwa kidato cha tano pamoja macho yake yalipoanza kuzima. Presha ya macho, alisema daktari, na tulipomfikia daktari tulikuwa tumechelewa. Mimi nikamaliza cha sita, yeye akarudi kwa mama yake mdogo akakaa mwaka mzima akichambua maharage kwa vidole. Kisha siku moja akatangaza kwamba atafanya mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea: Historia, Jiografia na Kiswahili. Nukta nundu alikuwa amejifunza, lakini vitabu vya nukta nundu vya ngazi ile hatukuvipata Sumbawanga nzima. Mimi nilikuwa nafundisha kwa muda katika shule ya msingi mjini, nikisubiri kwenda chuo, na kuanzia saa nane mchana nilikuwa huru. "Utanisomea," aliniambia. Hakuuliza. Nikasema nitamsomea. Vitabu niliazima kwa walimu wetu wa zamani, vingine havina jalada, kimoja cha Jiografia kikianzia ukurasa wa kumi na saba.

Kifaa tulipewa na Mwalimu Jonas, mgeni aliyetufundisha Hisabati miaka miwili kisha akarudi kwao Ulaya. Kilikuwa cha kusikilizia muziki, chembamba kama kitabu cha sala, kioo mbele na mgongo wa chuma unaong'aa. Kilifanana na simu lakini hakikupiga wala kupokea. Simu za kupangusa zilikuwa bado za kuhesabu mjini petu, kwa hiyo watu walikiona kama kitu cha ajabu. Sisi tulikiita kidude. Ajabu yake kwetu ilikuwa moja tu: kilikuwa kinasema. Leokadia akipitisha kidole juu ya kioo, kilitamka kilichoandikwa pale alipogusa, akigonga mara mbili kinafungua. Na kilirekodi. Waya wa masikioni ulikuwa na kipaza sauti kidogo kama punje ya harage. Mimi nilikishika karibu na mdomo nikasoma, naye akasikiliza baadaye, akirudia mara kumi kama anataka, bila kunisubiri. Kila somo tulilipa jina na namba. Kidude hakikujua Kiswahili, hivyo "Historia Kumi" kilitamka kwa pua na kwa madaha, "Historiya Kyumai," na mara ya kwanza kufanya hivyo Leokadia alicheka hadi akapaliwa.

Tulianza Julai, baridi ya Sumbawanga ikiwa kali, mimi na koti, yeye na blanketi mabegani, Mama Mdogo akituletea chai ya tangawizi bila kugonga mlango. Hiyo ilikuwa shida ya kwanza. Katikati ya habari za wakoloni kugawana Afrika unasikia wazi kabisa, "Nani kaacha mlango wazi, mbuzi ameingia kwenye unga!" Nikitaka kurudia, Leokadia alikataa. "Mwache mbuzi. Nitaikumbuka kwa huyo mbuzi." Shida ya pili ilikuja Novemba na mvua. Nyumba ilikuwa na bati bila dari, na mvua ya kwetu ikishuka huwezi kusikia hata mawazo yako. Tulikuwa tunakaa na kitabu wazi, saa nzima, saa mbili, tukisubiri bati linyamaze. Ikikatika, nasoma kurasa mbili, inaanza tena. Nilikuwa natukana mvua, mimi mtoto wa wakulima wa mahindi, wakati baba yangu huko kijijini anaishukuru. Hata hivyo tulikwenda. Kufikia mwisho wa Januari tulikuwa na masomo tisini na kitu, na koo langu lilikuwa limebadilika, limekuwa zito kama la mwanakwaya wa sauti ya tatu.

Februari kidude kikajaa. Nilikuwa nasoma habari za mito na mabonde, nikabonyeza kumaliza, kikakataa kuhifadhi. Hakuna nafasi. Leokadia akapapasa kioo hadi akafika panapoonyesha kilichomo, kikatutajia: nyimbo elfu moja na mia kadhaa, filamu kumi na moja, halafu, mwishoni kabisa, rekodi zetu, ambazo zilichukua sehemu ndogo kama ya mpangaji. Nyimbo zote zilikuwa za Mwalimu Jonas. Magitaa na makelele tusiyoyajua. Filamu zilikubali kufutwa, tukazifuta, tukapumua wiki tatu. Kikajaa tena. Na nyimbo zikagoma. Kwa kidole hazikufutika. Zilitaka kompyuta, na si kompyuta yoyote, bali ile ile ya Mwalimu Jonas iliyoziweka. Nilikipeleka kwenye kompyuta ya shule yetu, ikaniambia kwa adabu kwamba ikikipokea kifaa hiki itafuta kila kitu kilichomo na kuanza upya. Ndiyo au hapana? Nikachomoa waya kama nimeshika nyoka.

Nikaenda kumwandikia Mwalimu Jonas kwenye duka la intaneti. Umeme ukakatika barua haijaondoka. Nikarudi kesho yake, nikaandika upya. Jibu lilikuja baada ya siku kumi na sita, na nilizihesabu. Alifurahi mno kusikia habari zetu. Kompyuta yake ile ilikuwa imeibwa kwenye treni. Alisikitika. Alisikia kwamba wapo watu wanaovunja ulinzi wa vifaa hivi ili kuingia ndani kwa nguvu, lakini akatushauri tusijaribu, kwa sababu ni kinyume cha masharti ya watengenezaji na kikiharibika hakuna wa kutusaidia. Akamalizia kwa alama ya uso unaocheka. Nilitamani kuuzaba kofi.

Mjini kulikuwa na fundi mmoja, Hamisi, aliyekuwa ameweka meza yake ya simu mlangoni mwa duka la baba yake la mabomba na vipuri vya bodaboda. Tulikwenda wote wawili, Leokadia ameshika kiwiko changu. Hamisi alikigeuza kidude mkononi, akakisifia, kisha akatueleza kwa uvumilivu kama anaelezea mteja wa mabomba.

"Hiki kimefungwa na waliokitengeneza. Kinakubali wanachotaka wao tu. Ipo programu inakitoa, inaitwa jelbreki. Yaani unakitoa jela. Kikitoka unaingia ndani mwenyewe, unafuta nyimbo, unaacha masomo yako."

"Na kikitoka jela kinakwenda wapi?" akauliza Leokadia.

Hamisi akacheka, lakini hakutudanganya. "Dada, nimeshavifanya viwili. Kimoja kilipona. Kingine kipo hapa kwenye droo."

"Mwenye hicho cha kwenye droo alisemaje?"

"Hajarudi kukichukua."

Leokadia akanyoosha mkono, Hamisi akamrudishia kidude. "Asante, kaka," akasema. "Tutafikiri." Nilijua kwa namna alivyokishika kwamba ameshafikiri.

Tulibishana siku hiyo mezani, kwenye ugali wa ulezi na migebuka, Mama Mdogo akiwa kati yetu kama refa asiyejua mchezo. Leokadia alisema tufute masomo ya mwanzo, yale aliyokwisha kuyashika, tupate nafasi ya mapya. "Historia ya kwanza mpaka ya ishirini naweza kukutamkia nikiwa usingizini."

"Tufute zetu, tuache makelele yake?"

"Zetu ndizo zinazofutika."

"Na ukitaka kurudia karibu na mtihani?"

"Utanikumbusha kwa mdomo. Nusu ya nafasi kubaki na nusu ya kuingia kwenye droo, Yasinta? Masomo yote yale? Sikichezei kamari."

"Lakini si haki! Mtu yuko kwao, hata hizo nyimbo hazikumbuki..."

"Hii si vita yako na Mwalimu Jonas," akasema, wala hakupandisha sauti. "Ni mtihani wangu."

"Kuleni," akasema Mama Mdogo. "Samaki anapoa."

Tukaanza kufuta. Mimi ndiye niliyekuwa nabonyeza, kwa sababu alitaka kuokoa muda akiandika. Kila rekodi kidude kiliuliza kwa Kiingereza kama nina uhakika, na kila mara nilisema ndiyo huku nimeuma meno. Historia ya Kwanza, ambayo niliisoma na mafua. Historia ya Tatu, ya mbuzi. Leo naweza kusema kilichokuwa kinaniuma, ingawa wakati ule nilikipa majina mazuri zaidi. Nilisema ni uchungu wa rafiki. Nilisema ni kanuni, kwamba haiwezekani kitu ulichopewa kiwe bado si chako. Ukweli ni kwamba ilikuwa sauti yangu. Nilikuwa nimejipenda ndani ya kidude kile. Jioni nikitembea kwenda kwangu nilikuwa nawaza kwamba upo upande mmoja wa dunia ambako mimi ni mtu muhimu, nao ni masikio ya Leokadia, na sasa nauvunja kwa kidole changu mwenyewe ili magitaa ya mtu yabaki. Tulifuta masomo tisa. La kumi lilinishinda.

Mwishoni mwa Machi umeme ulikatika Katandala siku mbili mfululizo. Jumamosi asubuhi nikamwambia Leokadia nakipeleka kidude mjini kukichaji kwenye jenereta. Akanipa bila neno, akaniomba nimletee chumvi. Nilipanda bodaboda moja kwa moja hadi kwa Hamisi. Alikuwa ameshapata ile programu, toleo linalofaa kidude chetu. Alisema ilimchukua siku tatu kuivuta kwa modemu yake, inafika katikati inakatika, anaanza upya. Alifungua kompyuta, akaunganisha waya, akashusha pumzi. Halafu akanitazama.

"Mwalimu, mwenyewe anajua?"

Nimekwisha kulirudia swali hilo mara nyingi sana kichwani. Hakuna aliyenilazimisha kitu pale. Duka lilikuwa na wateja, baba yake alikuwa anapima bomba kwa mzee mmoja, jenereta lilikuwa linanguruma nje, na mimi nilikuwa na nafasi yote ya dunia kusema hapana, hajui.

"Anajua," nikasema.

Mstari ukaanza kutembea kwenye kompyuta, taratibu, kuelekea kulia. Ulipita nusu. Ulifika robo tatu. Hamisi alikuwa ameshaanza kutabasamu. Kisha ukasimama. Tulingoja. Kioo cha kidude kikawa cheusi, ikatokea nembo nyeupe, ikazimika, ikatokea, ikazimika. Hamisi akabonyeza hiki na kile, akachomoa, akachomeka, akabadilisha waya. Jasho lilikuwa linamtoka na siku ilikuwa ya baridi. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, akaniambia ngoja, akaenda kuswali, akarudi, nembo bado inatokea na kuzimika. "Imebaki njia moja," akasema hatimaye. "Nikirudishe kama kilivyotoka kiwandani. Kitapona. Lakini kitakuwa kitupu."

Kikapona. Hicho ndicho kilichonitia hasira kuliko yote. Laiti kingekufa kabisa, ningepata cha kulilia. Kilikuja kinang'aa, safi, hakina gitaa hata moja, nafasi tele, nafasi ya kusomea maktaba nzima. Tulipata kila kitu tulichokuwa tunakihangaikia, na wiki sita zilikuwa zimebaki kabla ya mtihani.

Nilirudi kwa miguu. Chumvi niliisahau. Mama Mdogo alikuwa uani anapepeta ulezi. "Shikamoo, Mama Mdogo." "Marahaba, mwanangu, mbona umechelewa?" Nikasema foleni ya kuchaji ilikuwa ndefu, mtu akishaanza kusema uongo anaona rahisi kuongeza wa pili. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa nimepanga kuanza na mstari ulivyofika robo tatu. Lakini Leokadia alikuwa amekaa pale kwenye kochi na mkono ameshaunyoosha, nami nikampa, na kabla sijafungua mdomo akapitisha kidole kama alivyozoea, akagonga mara mbili, na kidude kwa Kiingereza chake cha puani kikatamka kwamba hakuna rekodi yoyote.

Akagonga tena. Kikarudia.

"Kimesema nini?" akauliza.

Nilikitazama kidole chake juu ya kioo.

"Yasinta. Kimesema nini?"

"Kimesema hakuna."

Akakigeuza kidude kioo chini. Nje ungo ulikuwa unapiga, pa, pa, pa. "Hamisi alikuuliza kama najua?"

"Aliniuliza."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia unajua."

"Basi nilijua," akasema Leokadia. Akakiweka kidude juu ya meza, akasimama, akaenda chumbani kwake akigusa ukuta, ukuta ambao kwa kawaida hakuuhitaji.

Siku tatu mfululizo nilikwenda na vitabu, na siku tatu Mama Mdogo alinipokea mlangoni. Hakunifukuza. "Anasema hana haja ya kusomewa," aliniambia, na macho yake yalikuwa yananionea huruma na kunilaumu kwa pamoja. "Mimi Kiingereza sikijui, ningemsomea mwenyewe." Niliacha vitabu juu ya meza. Wiki iliyofuata Hamisi alinisimamisha sokoni mbele za watu. Leokadia alikuwa amemtumia ujumbe kumtaka amweleze kilichotokea. "Mwalimu," akasema, "mimi nilikuuliza. Ukanifanya nimwibie mtu wakati nilikuuliza." Baadaye nikasikia kwamba anakwenda Katandala kila Ijumaa baada ya swala, anamsomea. Kiingereza chake kilikuwa cha kidato cha nne na cha vitabu vya simu. Leokadia alikuwa anamsahihisha kila mstari. Wakarekodi yale waliyoweza. Mimi nilikuwa naisikia habari hiyo kwa watu wengine, na nakiri kwamba wivu ulinishika kuliko aibu.

Wiki mbili kabla ya mtihani akaniita. Hakusema ameniwia radhi. Alisema Jiografia inamshinda Hamisi na ramani hazielezeki. Nikasoma kila siku mpaka sauti ikanipotea. Matokeo yalipotoka, Kiswahili alifaulu vizuri, Jiografia alipita, na Historia, somo nililokuwa nimelirekodi kuliko yote, alianguka. Akasubiri mwaka mwingine mzima, na mimi nikaenda chuo. Mwaka huo wa pili sikuwapo. Alisoma na watu wengine, akafaulu, akaenda chuo kikuu. Watu huniambia, mbona mwisho wake ulikuwa mwema? Ni kweli. Lakini mtu aliyepoteza mwaka wa watu haambiwi mwisho ulikuwa mwema akaridhika. Ule mwaka mmoja Leokadia alirudi kuchambua maharage. Nilimfanya arudi pale.

Jumatano ile, viazi vilipokwisha, nilimwambia. Nilikuwa nimeshaomba samahani mara nyingi enzi zile, samahani za haraka haraka za mtu anayetaka mlango ufunguliwe. Sasa nikamwambia lile la sauti yangu, kwamba haikuwa kwa ajili yake hata kidogo, au ilikuwa kidogo tu. Alifuta kisu kwa kitambaa, pole pole.

"Nilijua ulikuwa unajipenda mle," akasema. "Ulikuwa unasoma kama padri wa misa ya kwanza." Tulicheka. Kisha akaacha. "Mimi masomo niliyasikitikia wiki moja. Miezi minane ulinisomea, sikusahau. Lakini na lile jibu lako kwa Hamisi sikulisahau. Kila siku ya maisha yangu kuna mtu ananijibia, Yasinta. Hospitali, dukani, kanisani. Nilifikiri nina mtu mmoja ambaye hafanyi hivyo."

Binamu yake mmoja akaingia kutoka jikoni, mama wa makamo mwenye kanga kiunoni na mwiko mkononi, akamtazama Leokadia, kisha akanigeukia mimi. "Dada, samahani, tunapanga chakula na pa kulala. Huyu mwenzako anaondoka na basi la kesho au yupo?"

Nilikuwa na jibu. Tiketi yake ya kurudi nilikuwa nimeikata mimi kituoni asubuhi ile, kama alivyoniagiza, basi la kesho yake saa kumi na mbili alfajiri. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nililizuia, na lilikuwa gumu kuzuilika kuliko nilivyotarajia.

"Muulize mwenyewe," nikasema. "Si huyo hapo."

Binamu akaona haya, akamgeukia. Leokadia akainua uso.

"Nabaki mpaka Jumapili," akasema.